Sauti ya Mzee Pazi katika Mbeta ya Kinole

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, nikijua nakwenda kukalishwa mezani. Afisa Utamaduni wa Wilaya, bwana mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi, akanikabidhi fagio na ufunguo wa stoo.

"Ofisi yako hiyo," akasema. "Ukishajua ngoma ipi ni ipi, ndipo tutaongea habari za meza."

Humo stooni ndimo nilimosomea. Kulikuwa na ngoma za kuwambwa kwa vigingi, vile vijiti vinavyoishikilia ngozi kwenye mdomo wa mzinga. Kulikuwa na njuga za miguuni na manyanga, vibuyu vyenye mbegu ndani. Nilijifunza kwamba ngozi huanikwa kwanza juani ndipo ngoma ipigwe, maana ngozi yenye unyevu hunung'unika tu. Na pembeni kulikuwa na fungu la filimbi za mwanzi, fupi na ndefu, za kikundi cha Kinole kilichokuwa kikisubiri kupanda jukwaani wiki ile. Niliokota moja nikaipuliza, ikatoa sauti moja basi.

"Weka chini hiyo, binti!" Bwana Afisa aling'aka akiwa mlangoni. "Hiyo ni ya mtu."

"Samahani, mzee. Nilidhani ni mbovu, mbona haina matundu?"

"Hiyo ni mbeta ya Waluguru. Kila mtu ana filimbi yake, na kila filimbi ina sauti yake moja. Wanapokezana, ndipo wimbo unatoka. Ukiipuliza wewe, umekalia kiti cha mwenzio naye yupo."

Niliirudisha taratibu, nikaendelea kufagia.

Kituo changu cha kwanza nje ya mjini kilikuwa Ngerengere, chini ya Mwalimu Mkuu aliyetaka hata ngoma ianze kwa kengele. Treni ikipita tulinyamaza, ikiisha kupita tulianza upya, na watoto waliomba treni zije nyingi. Kisha nikapelekwa Mikese. Katibu Tarafa wa pale aliniambia, "Bi Zuhura, ngoma ipigwe barabarani, madereva wasimame!" Walisimama kweli, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakaondoka zao. Nilifurahia vituo vyote viwili, nisiwadanganye. Lakini nyinyi vijana mnaoingia kazi hii nataka niwasimulie zaidi habari za Kinole, kituo changu cha mwisho.

Kule nilikuta mbeta ile ile ya stooni ingali hai. Filimbi kubwa kuliko zote, yenye sauti nzito inayozibeba nyingine, ilikuwa ya Mzee Pazi. Aliirithi kwa mjomba wake, kwani kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mwangalizi wa filimbi hiyo alikuwa dada yake mkubwa, Bibi Mwanahawa. Bibi huyo alikuwa mdogo wa umbo, lakini akikohoa, wanaume wazima walikaa sawa.

Mwaka wangu wa pili pale, Mzee Pazi alipata kiharusi. Mkono ulipona kiasi, mdomo ukabaki umevutwa upande mmoja, na akijaribu kupuliza upepo ulivuja wote. Desturi ya kikundi ilikuwa wazi: filimbi ya aliye hai haiguswi na mdomo mwingine. Mpaka afariki, yaishe matanga, ndipo ukoo umkabidhi mpwa. Kwa hiyo wenzake waliendelea kukutana, kigoda chake wakakiacha wazi, na kila wimbo ulipofika zamu yake ukawa na shimo. Walivumilia. Baadaye wawili wakaacha kuja, kisha na mwingine. Niliogopa. Niliona mbeta itakufa mbele ya macho ya Mzee Pazi, naye atajua imekufa kwa ajili yake.

Alikuwapo mtawa mmoja Mfilipino, Sista Felisa, aliyekuwa akimfanyisha Mzee Pazi mazoezi ya viungo. Jioni moja alikikuta kikundi kinapuliza uani kwa mzee, akasimama kusikiliza.

"Kuna mtu hayupo," akasema.

Nilimuuliza amejuaje. Akaketi mkekani, akatueleza kwamba yeye ni mtu wa Kalinga, milimani kaskazini ya kisiwa cha Luzon. Kwao nako wana filimbi za mwanzi za sauti moja moja, wanagawana, wanapokezana. Tena wana sahani nzito za shaba ziitwazo gangsa, kila mtu anagonga yake huku wakicheza kwa mstari.

"Sasa mwambie mwenzako, mdomo wangu umehama," Mzee Pazi aliniambia kwa ulimi mzito.

Sista alielewa bila mimi kumwambia. "Kwetu mdomo si lazima, babu," akajibu.

Aliporudi siku nyingine alikuja na tongali, filimbi nyembamba ndefu iliyotobolewa kitundu kwenye fundo la mwanzi. Aliziba tundu moja la pua kwa pamba, tundu la pili akaliweka kwenye kile kitundu, akapuliza kwa pua. Sauti ilitoka ya chini, laini. Watoto walianguka kwa kicheko. Mzee Pazi naye alicheka kwa upande uliokubali.

Mimi kwa haraka zangu nikasema basi tuitoboe filimbi yake. Bibi Mwanahawa akakohoa.

"Nani atoboe? Filimbi ya mjomba wangu haitobolewi mimi nikiwa hai."

Nikajua tumekwama. Ndipo akamgeukia mdogo wake. "Lakini mwenye sauti si huyu hapa? Akikatiwa mwanzi mwingine, sauti bado ni yake. Mkateni."

Mpwa wa Mzee Pazi, Shabani, alikwenda kuukata, akautoboa kitundu kama cha tongali. Hatukuweza kuulinganisha na filimbi ya zamani, maana hakuna aliyeruhusiwa kuipuliza. Basi Sista alipuliza mwanzi mpya kwa pua, Mzee Pazi akafumba macho, akatikisa kichwa. Shabani akapunguza kidogo. "Bado." Akapunguza tena. "Bado, wewe, usikate kama unakata muwa!" Mwishowe mzee akanyoosha mkono, akauchukua.

Alijifunza kwa majuma kadhaa. Siku ya kujaribu pamoja, wote walikuja, hata wale walioacha. Sauti yake ya pua ilimezwa mara moja.

"Mnampigia kelele mgonjwa," alisema Bibi Mwanahawa. "Punguzeni. Na mngojeni avute pumzi."

Wakapunguza pumzi, wakapunguza na mwendo, na kila ilipofika zamu yake wakangoja. Wimbo ukazunguka mzima, polepole, bila shimo. Nililia pale pale mbele ya watu, na sikutafuta kisingizio cha moshi.

Alipuliza hivyo miaka kadhaa, mpaka alipofariki. Baada ya matanga Shabani alikabidhiwa ile filimbi ya zamani, naye ana kifua cha mtu anayepanda mlima kila siku na mizigo ya ndizi. Mimi nimestaafu, nakaa mjini, napalilia mchicha wangu. Mara chache vijana wa ofisini huja kuniuliza habari za vigingi na ngozi, na huwa nafurahi sana wakija.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Kinole. Mbeta ilipigwa, wapigaji wengi wakiwa vijana wasiomjua Mzee Pazi hata kwa sura. Walipiga polepole, kwa sauti ya chini. Mgeni mmoja kutoka mjini akapaza sauti, "Changamkeni basi, hii harusi!"

Binti anayeongoza kikundi alitoa filimbi mdomoni. "Shikamoo, baba. Mbeta ya Kinole ndivyo inavyopigwa, tangu enzi na enzi."

Shabani aliniangalia, nami nikamwangalia. Wakaendelea, na kila ilipokaribia sauti nzito walitulia kidogo, nafasi ya kutosha mzee kuvuta pumzi kwa pua moja. Niliwaacha wamngoje.