Mama niliyepaswa kumfariji, yeye ndiye alinifariji

Leo mutu mwenye alikuja kufarijiwa amenifariji mimi.

Munajua kazi yangu hapa kituoni Wamaza: nasikiliza wamama wenye huzuni. Walitufundisha tusielezee mutu matatizo yetu. Ile saa ni yake.

Sasa iko mama mumoja, alifiwa na mutoto. Kila juma anakuja, anakaa kwenye kiti, ananyamaza.

Leo akaniuliza: "Mwanangu, wewe ulishazika mutoto?"

Neno likanitoka: "Ndiyo, mama. Wa kwanza."

Akasimama. Nikajua nimeharibu kazi, anaenda zake.

Kumbe anavua viatu. Akaketi chini, namna tunakaaka kwa matanga, akanivuta karibu.

"Pole. Nani alikaa nawe matanga?"

Hakuna mutu, jamani. Nilirudia kazi mbio. Nikalia pale pale, mimi mugawa vitambaa vya kupangusa machozi.

Akanipangusa, akasema: "Haya, sasa sikia ya wangu."

Akaongea mpaka mvua yenye ilikuwa inanyesha inje ikakatika. Akataja na jina la mutoto, mara ya kwanza.

Wenzangu wa kazi hii, nimekosa? Semeni.

Ila lile jina musiniulize. Siri yangu nimetoa. Ya kwake ni ya kwake.