Kitabu cha Picha Nilichotaka Kukishitaki

Kwa kuwa kilikuwa cha picha, nilidhani ni cha watoto. Binti yangu wa miaka kumi na minne alikileta kutoka skuli, na wiki nzima hakukiweka chini, hata wakati wa kula. Nikamnyang'anya, nikaenda nacho kazini, nikakisoma ndani ya treni kutoka kwetu Walthamstow, hapa London. Niliposhuka nilikuwa nimepandwa na hasira.

Hadithi yenyewe ni ya kijiji cha wakulima wa mahindi huko Marekani. Watoto wanamfungia mwenzao ghalani kwa mzaha, anafia humo. Msichana mmoja aliyeona anajua kila kitu na hasemi. Jumapili kijiji kizima kinakwenda kanisani kumwimbia marehemu, na waliomfungia wamo kwenye kwaya. Kurasa zote nyeusi tupu! Sasa huyu mwalimu aliyempa ana akili gani? Nimehangaika miaka yote hii London kumlea mtoto kwa adabu, halafu skuli inampa uchafu wa watu wasio na haya. Siku ileile nilipiga simu skuli nikaomba kumwona mwalimu huyo.

Asubuhi ya miadi nilimkuta binti yangu anapekua mkoba wangu, anakitafuta kile kitabu.

"Umeshakisoma. Unakitakia nini tena?"

"Mara nne, Mama. That girl, yule asiyesema. Ni mimi."

Nilimwambia aache upuuzi, avae viatu. Hakuvaa. Alikaa kwenye ngazi akanieleza, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, macho chini. Rafiki zake walimfichia msichana mmoja nguo baada ya michezo, wakampiga picha, wakaisambaza kwenye simu. Yeye hakupiga picha. Yeye alishikilia mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Msichana yule haji skuli tena, na darasa zima linasema halijui sababu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipiga ukelele, nadhani hadi jirani alisikia.

"I did, Mama. Ulikuwa unasukuma chapati."

Nikakumbuka. Kwetu Pemba tumelelewa na sitara: aibu ya mwenzio unaifunika, huitembezi. Jioni ile alianza tu, "Mama, rafiki zangu wamefanya kitu," nami nikamkatiza bila hata kugeuka. Nilimwambia sitaki umbea jikoni kwangu, awasitiri wenzake. Kesho yake nikampigia dada yangu simu kujisifu kwamba mwanangu, japo kazaliwa Ulaya, anafundishika.

Nilijichukia pale kwenye ngazi. Aliyestahili kusitiriwa ni yule msichana aliyeachwa bila nguo, na mimi nikaenda kuwasitiri waliomcheka. Na wala sikujua, kwa sababu sikutaka kusikia. Nilikaa kando yake, hasira zangu zote sina pa kuzipeleka.

Tulikwenda pamoja. Mwalimu, mwanamke mpole mwenye miwani, aliniuliza kitabu kimenikera wapi. Nilikiweka mezani kwake nikamwambia kitabu hakina neno, mwanangu ndiye mwenye la kusema.

"Sema," nikamwambia binti yangu.

Alifungua mdomo, kisha akanigeukia. Alikuwa anasubiri nimkatize.