Kopo la Vidonge na Mpini wa Jembe

Mke wangu alininyang'anya kopo la vidonge vya sukari siku niliyomeza dozi ya asubuhi mara mbili. Nilianguka uani natetemeka, jasho linanitoka, mpaka jirani akaninywesha soda. Nilipopata nguvu ya kusema, nilibisha kwamba nimemeza mara moja tu. Mimi niliyefundisha hesabu shuleni Shishiyu hadi kustaafu, leo nishindwe kuhesabu mpaka mbili?

Tangu hapo alinipa kidonge mkononi kila asubuhi na kunisimamia nikimeze, kama ndama anayenyweshwa dawa ya minyoo. Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Nilikuwa nimewahi kusafiri mpaka Nyalikungu na kufika nikiwa sijui nimefuata nini. Nililitaka kopo langu, maana bila hilo nilijiona mtu asiyeaminika tena na akili zake.

Nesi wa kliniki yetu hapa Bariadi, binti wa Tanga, aliniambia kwamba sukari ikiachwa juu miaka mingi huchosha hata ubongo. Vidonge niendelee navyo, chakula nikiangalie, na Alhamisi asubuhi nije kwenye ngoma.

"Babu, ukicheza mwili unatoka jasho na kichwa kinakumbuka hatua," alisema. "Vyote vinafanya kazi pamoja."

Ngoma yenyewe ilikuwa bugobogobo, ile ya kurusha majembe. Nesi alishatoa vyuma, ikabaki mipini, na kila mgonjwa alilazimishwa kuvaa raba asije akaumia miguu. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni kiongozi, bibi mmoja wa Sapiwi, Mgalu wa kuzaliwa. Mimi ni Mgika kama baba yangu. Kwetu Usukumani Bagalu na Bagika ni vyama viwili vya ngoma. Baada ya mavuno hucheza uwanja mmoja, kila kimoja kikivuta watazamaji upande wake, na watu wakikuhama utasimangwa mpaka msimu ujao. Nesi wa watu, asiyejua hili wala lile, alitupanga wote mstari mmoja.

Alhamisi tatu nilikaa kwenye benchi nimekunja mikono. Ya nne niliingia, ila kwa ubishi, nikacheza hatua za Bagika katikati ya mstari wa Bagalu. Wao wakageukia kushoto, mimi kulia, na mpini wangu ukamgonga mwenzangu begani. Ngoma ikasimama.

"Mwangaluka, mzee," bibi akanisalimia, kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Mstari mzima ukaangua kicheko. "Umepotea hatua?"

"Sijapotea. Nacheza ya kwetu."

"Basi ya kwetu sisi huijui. Tazama miguu ya jirani yako. Mimi mwenyewe siku hizi nasahau hatua ninazozifundisha, namtazama huyu."

Alilisema hilo mbele za watu, bila haya yoyote. Nilimwonea wivu. Nikainamisha kichwa nikatazama miguu.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, niliiweza ngoma nzima, hata kurusha mpini na kuudaka. Sisemi nimepona, miwani bado inanipotea. Lakini siku moja nilimchezea mke wangu pale uani, mwanzo hadi mwisho, kisha nikanyoosha mkono huku nahema.

"Mama, kopo langu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akaniletea.

Kesho yake asubuhi nilikunywa uji, nikafungua kopo, nikaweka kidonge kiganjani. Kikombe cha maji kilikuwa nusu. Sikujua kama nimeyakuta hivyo au nimeyanywa mimi kumezea kidonge kingine. Hakukuwa na mtu karibu, ningeweza kubahatisha na kulinda heshima yangu. Niliona aibu. Halafu nikaenda jikoni, alikokuwa mke wangu akipepeta mchele.

"Mama, nimeshameza?"

"Umeshameza, baba. Nilikuwa nakuona dirishani."

Nilikirudisha kidonge, nikafunga kopo, nikamnyooshea. Aliliangalia, akageukia ungo wake, akaendelea kupepeta.

"La kwako hilo," alisema.