Upande wa Nani Umevunjika?

Wanafunzi walimwita Rula, na yeye alijua. Rula ya chuma haikumtoka mfukoni. Mwaka nenda mwaka rudi ilikuwa ikichungulia kwenye mfuko wa shati, hata siku za mazishi. Alifundisha fizikia katika chumba cha mwisho cha jengo la sayansi, chumba chenye madirisha yasiyofungika vizuri na meza ndefu zilizochorwachorwa na vizazi vya watoto waliochoshwa na somo. Hakuwa mkali, ingawa alipenda kujifanya mkali. Zamani alikuwa mtu wa stori ofisini, kicheko chake kikisikika mpaka uwanjani. Siku hizi alichukua kikombe chake cha chai akaenda kunywea maabara peke yake. Wenzake hawakumlaumu. Walishampa pole zote walizokuwa nazo, na pole nazo huisha.

Kitu kimoja kilimfanya ajulikane shuleni pale: madaraja. Mada ya nguvu ilipofika, aliwagawa kidato cha tatu makundi ya wanne wanne na kuwaambia wajenge daraja. Vifaa ni vijiti vya aiskrimu na gundi nyeupe ya mbao, basi. Hakuna msumari, hakuna waya, hakuna kaka yako seremala. Daraja lina mbavu mbili, wa kulia na wa kushoto, kila mmoja umejengwa kwa pembetatu. Mbavu zikikauka zinasimamishwa, kisha zinaunganishwa kwa vijiti vya kukingama. Hapo kwenye kusimamisha ndipo watu wanapotafutana ubaya. Gundi ile haina haraka. Inataka mtu wa kuzishika mbavu zisimame wima, asipige chafya, asijikune, asiulize ni saa ngapi, mpaka ishike. Mikono miwili haitoshi. Wakaguzi walimsifu kwa kuwafundisha watoto ushirikiano na maneno mengine ya semina, naye akaitikia kwa adabu, lakini sababu yenyewe ya makundi ilikuwa gundi.

Daraja likiwa tayari linawekwa kati ya meza mbili, linaning'inizwa ndoo, na ndoo inatiwa mchanga kikombe kwa kikombe mpaka daraja livunjike. Sheria hiyo haikuwa na msamaha. Kila mwaka alitokea mtoto aliyelipenda daraja lake akataka kulipeleka nyumbani likiwa zima, na kila mwaka Rula alimjibu maneno yaleyale: "Daraja ambalo halijabeba mpaka mwisho wake ni pambo. Kaliweke sebuleni juu ya kitambaa." Darasa lilicheka, mtoto akanuna, ndoo ikajazwa.

Na yeye alileta lake. Daraja la mwalimu lilivunjwa la mwisho, watoto wamepanda juu ya viti, wakiomba lianguke mapema.

Wasichokijua ni kwamba nusu ya daraja hilo haikuwa ya mwalimu. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walikaa meza ya jikoni, wakasukuma nguo za wateja pembeni, na kila mmoja akajenga ubavu wake. Mkewe aliufunga wake uzi mwekundu kwenye kona, asije akasingiziwa. Kisha wakaushika mzigo huo wote wawili, uso kwa uso, wakingoja gundi, hawana pa kwenda wala mkono wa kujikunia. Hapo ndipo yalipozungumzwa mambo yaliyokosa nafasi mwaka mzima: mtoto wao, paa linalovuja, shemeji aliyenuna harusini na bado hajasema kwa nini. Mmoja akiwashwa pua, mwenzake alikufa kwa kicheko, na daraja likatikisika, na wakaanza kulaumiana.

Siku ya kuvunja, Rula aliporudi, alikuwa hajavua hata viatu sauti ikamfikia kutoka chumba cha ndani, cherehani ikiunguruma.

"Mwalimu! Upande wa nani umevunjika?"

Hata nyumbani alimwita Mwalimu, na alivyolitamka neno hilo ungejua hakuna heshima yoyote ndani yake. Sheria yao ilikuwa kwamba ambaye upande wake umevunjika ataosha vyombo wiki nzima. Na mama yule hakuwa na huruma. Rula akishindwa, chakula cha sufuria moja kilipikwa kwa masufuria matatu. Sahani za wageni zilishushwa kabatini bila mgeni. Chujio lilichafuliwa, mwiko wa pili ukachafuliwa, na yeye mwenyewe akavuta kiti kumtazama mumewe amekunja mikono ya shati akisugua. "Pole, Mwalimu," alimwambia. "Fizikia imekuangusha."

Mwaka juzi walijenga kama kawaida. Vidole vya mkewe vilikuwa vimeanza kuchoka, na mara mbili aliomba wapumzike, lakini ubavu wake aliumaliza mwenyewe na uzi akaufunga mwenyewe. Kabla ya siku ya kuvunja alilazwa hospitali. Hakurudi. Daraja lilibaki juu ya kabati la vyombo, zima, halijabeba kitu. Mwaka uliofuata Rula alifundisha nguvu kwa chaki tu, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka huu waliuliza. Kaka zao na dada zao walikuwa wamewasimulia, na kama kawaida ya simulizi, chumvi ilikuwa imezidi. Kuna aliyeapa kwamba daraja la mwalimu liliwahi kubeba mwalimu mkuu. Rula akakubali. Aliwagawa makundi, akagawa vijiti na gundi, na jioni akakaa meza ya jikoni kujenga lake.

Mbavu mbili alizijenga bila shida. Tatizo likaja pale pale linapokuja siku zote. Alizisimamisha, akashika mmoja kwa mkono wa kulia na mmoja kwa wa kushoto, ndipo akakumbuka kwamba hana mkono wa gundi. Akaegemeza ubavu mmoja kwenye chupa ya chai. Ukateleza. Akaweka chupa ya chai upande huu na kopo la sukari upande ule, akabana kwa vibanio vya nguo. Asubuhi akakuta daraja limepinda kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Akalivunja, akaanza upya, likapinda upande wa pili. Aliwaza kumwita jirani. Akafika mpaka mlangoni, akarudi. Angemwambia nini mtu mzima mwenye shughuli zake, njoo unishikie daraja?

Mwanawe, aliyehamia mbali kwa ajili ya kazi, alipiga simu Jumapili.

"Baba, si ubane na vibanio?"

"Nimebana."

"Halafu?"

"Vinabana tu," Rula akasema. Hakujua aeleze vipi kwamba alikaa na vile vibanio meza moja na havikumwambia neno lolote. Mwanawe akamwambia ale vizuri, naye akasema anakula vizuri, simu ikakatika.

Mwishowe akapiga moyo konde, akalishusha lile la juu ya kabati. Alilifuta vumbi kwa brashi ya kunyolea. Alijiambia kwamba atalionyesha tu, wapate kuona mfano, kisha atalirudisha mahali pake. Alilibeba mpaka shuleni kwenye boksi la viatu, akitembea pembeni kabisa ya barabara.

Siku ya kuvunja chumba kilijaa kelele. Kundi la mlangoni lilibeba sana, kilo kumi na tisa, likashangiliwa. Kundi la dirishani liliongozwa na msichana mrefu ambaye wenzake walimwita Wakili kwa kupenda hoja. Daraja lao lilikuwa zuri kuliko yote, kila kiungo kimesuguliwa kwa msasa. Zamu yao ilipofika, Wakili akalikumbatia.

"Mwalimu, hili tusilivunje. Nataka mama yangu alione."

Rula akamjibu yale maneno ya siku zote, pambo, sebule, kitambaa na yote. Darasa likacheka. Daraja likavunjika kwa kilo kumi na moja, na Wakili akageukia dirisha, mabega yakimtikisika.

Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, lakini hoja ilikuwa tayari. Akanyoosha kidole kwenye dawati la mbele, kwenye boksi la viatu.

"Na lako, Mwalimu?"

"Hilo nimeleta mlione tu."

"Tuone tu?"

"Tu."

Wakili akawatazama wenzake, kisha akamtazama yeye. "Basi si ni pambo?"

Watoto wakatazamana, wakijua mwenzao amevuka mpaka. Angeweza kukataa. Mwalimu akisema hapana ni hapana, kengele ingelia, wangekwenda zao na kusahau. Akaliangalia daraja. Uzi mwekundu ulikuwa umefifia ukaelekea rangi ya waridi. Kilikuwa kitu cha mwisho walichokishika pamoja, yeye upande huu na mkewe upande ule, na hakuna gundi duniani ya kukirudisha kikishavunjika. Lakini alimjua mkewe. Angekuwa amekaa humo darasani, angekuwa amepanda juu ya kiti kama wale watoto. Angemwita mwoga mbele ya darasa zima. Miaka miwili daraja lilikuwa juu ya kabati na matokeo hayajulikani, na yule mwanamke hakupenda jambo libaki bila mshindi. Hata yeye Rula alitaka kujua. Alitaka kujua kuliko alivyotaka kukiri. Kilichomtisha ni kurudi nyumbani na jibu, halafu asiwe na wa kumpa.

"Leteni ndoo," akasema.

Walishangilia mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Rula aliliweka daraja kati ya meza mbili, akalisogeza kwa ncha ya rula mpaka likakaa sawa. Mchanga alitia mwenyewe. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, taratibu, akikiinamisha kikombe karibu kabisa na ndoo mchanga usianguke kwa kishindo. Watoto walihesabu kwa sauti. Daraja likalia kidogo. Akasita, mkono ukiwa hewani, na mtoto mmoja nyuma akasema kwa upole, "Endelea, Mwalimu," kama anayemhimiza mgonjwa anywe dawa. Akaendelea.

Lilivunjika ghafla, kwa mlio mmoja mkavu, ndoo ikatua kwenye magunia waliyotandika chini. Mizani ikasema kilo kumi na sita. Kundi la mlangoni wakaruka, wakakumbatiana, wakapiga meza. Wamemshinda mwalimu, na habari hiyo wangetamba nayo mwaka mzima. Rula akawapongeza mmoja mmoja kwa mkono. Akacheka pale ilipobidi acheke. Macho yake yalikuwa chini, kwenye vipande.

Kengele ilipolia wakatoka wakisukumana. Wakili akabaki na ufagio, pengine kwa sababu aliona amevuka mpaka na hakujua namna nyingine ya kuomba radhi. Akafagia mchanga, akaokota vipande vya daraja akaviweka mezani.

"Nivitupe, Mwalimu?"

"Usitupe."

Msichana akaugeuza ubavu mmoja mkononi. Ulikuwa mzima, pembetatu zote mahali pake. "Huu uzi ni wa nini?"

Rula akachomoa rula mfukoni, akairudisha. Tangu msiba hakuwa amemtaja mkewe ndani ya chumba kile. "Huo upande aliujenga mke wangu," akasema. "Marehemu. Mimi nilijenga huu mwingine."

Wakili akautazama ule mwingine, uliokatika katikati, vijiti vimechomoza. Akaelewa kwamba kuna jambo alilogusa bila kukusudia, na kwa kuwa alikuwa Wakili, akatafuta la kusema mpaka akalipata.

"Kumbe mama alikushinda."

"Alinishinda," Rula akasema, na safari hii alicheka kweli, kisha ikambidi ajifanye anatafuta kitu kwenye droo mpaka mtoto akamuaga na kwenda zake.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Akafungua mlango, akasimama palepale na boksi la viatu mikononi, viatu hajavua. Chumba cha ndani mlango ulikuwa wazi na cherehani imefunikwa shuka. Alisimama kwa muda, akiwa anajua vizuri kabisa kwamba hakuna atakayeuliza, na bado akiwa amekaza masikio. Bomba la jikoni lilidondosha tone. Huko nje mtu alimwita mwanawe aje ale.

"Wangu," akasema kwa sauti. "Upande wangu ndio umevunjika."

Akauweka ule ubavu wenye uzi juu ya kabati, mahali pake, na wa kwake akauweka kando yake ulivyo. Kisha akakunja mikono ya shati. Kwenye sinki kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko cha asubuhi. Akaona haya kuviita vyombo. Akafungua kabati, akashusha masufuria matatu. Akashusha sahani za wageni zote, zenye vumbi la miaka miwili, na chujio, na mwiko wa pili, akavipanga ndani ya sinki mpaka vikafurika. Akafungua maji, akaanza kuosha.