Mtungi wa Kimea

Juzi nilipita Lumemo, pale ilipokuwa nyumba ya pombe ya mama. Vimebaki vigae tu kwenye majani, lakini harufu ya kimea ilinijia puani kama zamani.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, wakati wa vita, askari wa Mjerumani aliingia uani akainamia mtungi uliokuwa kivulini. Ndani mlikuwa na maji na mtama. Na dawa ya vita, ile ya kugeuza risasi kuwa maji, iliyokuwa ikisakwa kila nyumba, nayo ilikuwa maji yenye mtama.

"Wewe mama, hii nini?"

"Kimea, bwana. Nimeloweka mtama wa pombe."

Askari alinyoosha mkono auchovye. Mimi nilifundishwa kwamba mgeni akigusa kimea, pombe haichachi. Nikamrukia, nikamng'ang'ania mpaka mkono wangu mwenyewe ukazama mtungini.

"Usiguse! Utaharibu pombe ya mama!"

Askari akacheka. "Kweli huyu mtoto wa mpika pombe," alisema, akatoka.

Mama alinivuta jikoni, akaanza kunisugua mkono kwa majivu. Alisugua mpaka nikalia. Nilidhani ananiadhibu kwa kuchafua kimea.

Sasa napika pombe mwenyewe, na bado nakumbuka jinsi mkono ule ulivyokuwa ukiteleza kwa mafuta ya nyonyo. Kimea hakitiwi mafuta hata tone. Iliyotiwa mafuta ni ile dawa.