Daktari wa Mlango wa Kijani

Jamani, aibu hii nimeificha kadiri nilivyoweza, lakini wifi yangu Rukia ameshaisimulia kwenye vikao vya harusi visivyopungua vitatu, na kila akisimulia anaongeza chumvi, kwa hiyo nimeona bora niitoe mwenyewe kwa mdomo wangu. Mkicheka chekeni tu. Ila mkifika kwenye kile chumba mtaelewa kwa nini mimi sikucheka.

Naitwa Zuhura, nauza mapazia Kariakoo. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, alihamia kwetu na presha yake, na kila akizidiwa tulikuwa tunakimbilia hospitali iliyo karibu, leo hii kesho ile, kila siku daktari mpya na kila daktari anaanza upya, "Mama, unasumbuliwa na nini?", mpaka mama mwenyewe akasema amechoka kujieleza kwa watu wasiomjua. Mume wangu Hamisi akasema tutafute daktari mmoja binafsi, wa familia, atujue wote kuanzia mama mpaka watoto. Rukia akadakia, "Niachieni mimi, nawajua watu." Na mimi (sijui shetani gani alinipitia) nikasema hapana, hiyo kazi yangu, nipeni wiki moja tu.

Jirani yangu wa dukani, anayeuza vifungo na zipu, akanielekeza bila shida. "Jengo lile la zamani ukielekea Mnazi Mmoja, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Daktari mtulivu, anakusikiliza mpaka umalize."

Nikaenda Jumatano, saa nne asubuhi. Mlinzi alikuwa pale chini anakunywa chai, na mtu mwenye akili angemsalimia na kumuuliza, lakini mimi nikasema moyoni, mzaliwa wa Gerezani, mtaa jirani tu, niulize njia Kariakoo? Nikampita kama simwoni. Basi, mkasa wote ulianzia hapo.

Mnazijua kelele za Kariakoo, spika za madukani, mikokoteni, wapiga debe, lakini kwenye zile ngazi kila nilipokanyaga kelele zilikuwa zinapungua, kama mtu anayepunguza sauti ya redio taratibu, mpaka nilipofika kwenye mlango wa kijani nikawa nasikia viatu vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu ghorofa tatu (baadaye niliambiwa ile ya chini kabisa haihesabiwi). Mlango ulikuwa wazi nusu. Kibao hakikuwepo, kulikuwa na matundu manne tu ya misumari pale kilipokuwa, nikasema labda wanapaka rangi.

Ndani kulikuwa na benchi refu, mizani ya kupimia uzito, karatasi ya herufi za kupimia macho imetundikwa ukutani, na harufu ya spiriti. Mtu hakuna. Nimekaa, nikasikia sauti ya mwanaume kutoka chumba cha ndani: "Subirini, subirini, mtaingia wote." Nikageuka kuangalia benchi. Nilikuwa peke yangu.

Akatoka mzee wa Kihindi, mrefu, koti jeupe limenyooshwa pasi mpaka linang'aa, mikono misafi kupita kiasi. Akanitazama, akasema taratibu, "Zuhura. Umechelewa."

Jina langu sikuwa nimemtajia. Nikasema, "Shikamoo daktari," akaitikia, "Marahaba, ingia," na kabla ya kunifuata akageukia lile benchi tupu, akainua kiganja kama anayemtuliza mtu, akasema, "Namalizana na huyu mama, halafu wewe." Nikajiambia atakuwa anaongea na mtu kwenye simu, zile za kuvaa sikioni (mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu).

Alinipima kama sijawahi kupimwa. Kile chombo cha kusikilizia kilikuwa cha baridi, akakiweka kifuani kwangu, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaanza kujiuliza kama kalala. Kisha, bila kufumbua macho, akasema, "Yule mtoto wa kwanza. Bado unamuota?"

Hapo niwaeleze kitu ambacho siku hiyo walikijua watu wawili tu chini ya jua, mimi na Hamisi. Kabla ya watoto wangu hawa wawili kulikuwa na mwingine. Alizaliwa kabla ya wakati, hapumui. Tulikuwa tumepanga chumba Buguruni, mwaka wa kwanza wa ndoa, na mama mkwe alikuwa ametoka kuugua vibaya na anachoulizia ni mjukuu tu, mimba yenyewe tulikuwa hatujamwambia, kwa hiyo tukanyamaza. Tukanyamaza hivyo miaka kumi na minne. Na huyu mzee ambaye sijawahi kumtia machoni ananiuliza kama bado namuota.

Nililia pale kama mtoto. Yeye akanipa kitambaa, akasema, "Siku ile nilikusubiri mpaka jioni." Sikuelewa, wala sikuuliza. Nilitoka nimeshaamua kwamba huyu ndiye daktari wetu, na kama ana kipaji cha kuona yasiyoonekana basi shukrani kwa Mungu.

Nyumbani nikatamba. Rukia akauliza anaitwa nani, amesajiliwa wapi, tupate namba yake ya simu. Nikamjibu, "Wewe njoo Jumamosi utamuona."

Jumamosi tukaenda: mimi, Hamisi, mama akipanda ngazi kwa kupumzika kila baada ya hatua tano, na Rukia nyuma anaguna. Mlango wazi, saa ile ile ya nne. Mzee akampokea mama kwa heshima zote akamwingiza ndani, na Hamisi akaingia naye. Mimi nikabaki na Rukia kwenye benchi. Sasa kumbe kuna watu walikuwa wanapanda kwenda juu kwa daktari wao, wakaona mlango wazi, benchi lina watu, na wao wakaingia wakakaa. Mama na mwanawe anayekohoa. Baba mmoja na goti lake. Wanawake wawili wa kutoka sokoni. Nami (hapa ndipo Rukia hucheka mpaka anashika mbavu) nikasimama nikaanza kupanga foleni! "Nani alimfuata nani? Baba, wewe ni baada ya huyu dada. Mtulie, daktari hapendi kelele." Yule wa goti akaniita nesi. Sikumkatalia.

Hamisi akachungulia mlangoni, uso umemsawijika. "Zuhura, hebu njoo."

Mama alikuwa amelala kitandani, vifungo vya gauni vimefunguliwa, na mzee hakutumia chombo tena, alikuwa ameinama ameweka sikio lake juu ya kifua cha mama, macho kayafumba. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mama anavyovuta pumzi. Mzee akainuka, akasema, "Moyo huu unapiga, unaruka, unapiga. Asikae nyumbani na moyo huu." Kisha akaenda kabatini, akafungua chupa ya kioo, akamimina vidonge viwili kwenye kiganja cha mama. Vilikuwa vya pinki, vimepauka, na kimoja kilimeguka kikawa unga kwa kuguswa tu. Dirisha lilikuwa nyuma ya lile kabati, na kwa mwanga wake nikaona vumbi juu ya kila chupa. Kila chupa, jamani. Nikataka kusema "mama, ngoja", lakini mzee alikuwa amenigeukia, macho yamejaa machozi.

"Zuhura, nisamehe. Yule wa kwanza alikuwa mvulana. Nilichelewa kumsikiliza."

Mama akaniangalia. Akamwangalia Hamisi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. "Wa kwanza yupi?" akauliza.

Hatukupata nafasi ya kujibu. Nje tukasikia kitu kimeanguka, na sauti ya mwanamke, "Nyinyi ni nani? Mnafanya nini nyumbani kwangu?" Alikuwa dada wa makamo, kaangusha kapu, nyanya zinabingirika miguuni mwa wale niliowapanga foleni. Akaingia kule ndani kwa kasi, akaona vidonge kwenye kiganja cha mama, akaupiga ule mkono mpaka vikaruka ukutani.

"Msimeze kitu! Msimeze chochote! Baba si daktari tena!"

Yule wa goti akauliza kutoka kwenye benchi, "Kwa hiyo nesi, tunaingia au hatuingii?"

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba ardhi ilipasuka ikanimeza. Haikupasuka. Nilisimama pale mbele ya watu wote, mama mkwe anahangaika na vifungo vyake, Rukia ananiangalia bila kusema neno, na Rukia kukosa neno ni jambo la kutisha peke yake.

Yule dada, jina lake Hansa, alipotulia alitueleza. Baba yake alitibu watu kwenye vyumba hivyo miaka mingi, mpaka kumbukumbu ilipoanza kumtoka. Walijaribu kuviondoa vile vitu akawa halali, anazunguka nyumba nzima anatafuta wagonjwa, wakamrudishia. Kila asubuhi Hansa akienda sokoni hufunga mlango, hakujua kwamba mzee ana ufunguo mwingine kwenye mfuko wa koti.

"Lakini alinijua jina," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliiona ndogo.

"Kila mwanamke kwake ni Zuhura," akanijibu. "Hata mimi. Hata dada anayekuja kusoma mita ya maji. Zuhura mwenyewe alikuwa mgonjwa wake. Walikubaliana amlete mtoto wake wa kwanza asubuhi, akamleta usiku, na baba hakuweza kumwokoa. Tangu kichwa kimeharibika, ndiye anayemsubiri."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anatutazama mmoja mmoja kwa upole. Akamshika Hansa mkono, akasema, "Zuhura, mpeleke yule mama. Leo."

Hansa akaomba radhi, akasema hilo baba yake huwa anamwambia kila mtu. Lakini Hamisi hakutaka kusikia. Tukampandisha mama ghorofa moja zaidi, na kule kulikuwa na mlango mwingine wa kijani, wenye kibao na jina, na daktari mwanamke ambaye alimsikiliza mama, akasikiliza tena, kisha akatuandikia barua ya hospitali tuende mchana ule ule. Mapigo ya moyo hayakuwa sawa. Alilazwa siku sita, na daktari wa huko akatuambia tungengoja wiki nyingine tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Mnaweza kusema ni bahati. Mimi sijui niseme nini.

Siku ya pili mama akiwa wodini aliwatoa wote tukabaki mimi, yeye na Hamisi. Nilijua kinachokuja, nikatayarisha maneno ya kuomba msamaha. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mlimpa jina?"

Hamisi akasema hatukumpa.

"Basi ni Athumani, jina la babu yenu," mama akasema, na akafunika uso kwa kanga. Tulilia wote watatu, na nesi akaja mbio akidhani amekufa.

Daktari wetu sasa ni yule wa juu. Lakini nimeapa, sitamkabidhi mtu wangu kwa mganga wala daktari kwa kusikia au kwa kuona koti jeupe, na kuuliza si ushamba hata ukiwa umezaliwa katikati ya barabara ya Kariakoo. Siku ya kuandikisha familia nilimkalisha yule daktari nikamhoji: umesoma wapi, cheti kiko wapi, umesajiliwa lini, usiku tukupate vipi, ukisafiri nani anashika nafasi yako. Akajibu yote, akanionyesha na cheti, nikakisoma mpaka muhuri. Mwisho akavua miwani, akaniuliza, "Dada Zuhura, hivi leo ni mimi ninayekupima, au ni wewe?"

Nikamwambia, "Tunapimana, daktari."