Fundi Aliyeugeukia Ukuta

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu ana desturi moja: nywila ya mtu ikikaribia kuchapwa, hukunja mikono kifuani na kuugeukia ukuta. Alikuja kwangu asubuhi moja, kwa kuwa programu ya kutunza nywila katika kompyuta yangu ya Linux, ambayo hunichapia kile ambacho vidole vyangu vilivyolegezwa na kiharusi haviwezi, ilikuwa imeshindwa kulifungua faili la kitabu nilichokiandika kwa miaka kumi na tisa. Aliniagiza niiache ichape kwenye ukurasa mtupu, tuone inakosea wapi. Nikamwita atazame.

"Sitazami, Mzee wangu. Ukinionyesha leo, kesho ukiibiwa utanikumbuka mimi. Wewe hesabu tu: herufi ngapi zimepungua?"

"Tatu, mwanangu."

"Za mwanzo au za mwisho?"

"Za mwanzo."

Akacheka bila kugeuka. "Basi ina papara hiyo. Inatoa salamu mlango haujafunguliwa."

Alisubiri hadi nilipofuta ukurasa, ndipo akaja, akaiwekea programu kituo kifupi, isubiri kidogo kabla ya herufi ya kwanza, akarudi ukutani. Nikajaribu tena, na faili likafunguka. Ukurasa wangu wa kwanza ulipotokea, chozi lilinitangulia kabla ya bismillahi. Nikasoma, nikasahihisha neno, nikaendelea kusoma. Na Mungu anisamehe, kitambo kirefu kilipita ndipo nikaisikia sauti ya upole kutoka ukutani:

"Mzee wangu, nigeuke?"